Samaki Wenye Harufu ya Esansi

Kabla hujafungua chochote kwenye injini ya petroli, nusa. Nusa ekzosi, bomba la moshi, injini ikiwaka, nusa kijiti cha kupimia oili, chomoa plagi moja uinuse pia. Watu watakucheka. Mimi walinicheka hapa Lodwar miaka ishirini na kitu, nikiwa nimeinama nyuma ya magari yao kama mtu aliyeangusha sindano, na bado nasema pua ndiyo spana ya kwanza. Nawaambia hivi ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu mimi nilikuwa na pua nzima, na digrii juu yake, na bado nilishindwa kunusa kitu ambacho mama mmoja wa Kakuma alikinusa kwenye samaki.

Nimestaafu sasa. Mgongo ndio uliostaafu kwanza, mimi nikaufuata. Mke wangu anasema afadhali niandike mambo haya kuliko kuendelea kumsimulia yeye.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Injini ya petroli haichomi petroli tupu. Inachoma petroli iliyochanganywa na hewa, na hewa ndiyo nyingi, karibu kilo kumi na tano kwa kila kilo moja ya petroli. Petroli ikizidi, au hewa ikipungua, tunasema mchanganyiko ni mzito. Chuoni tulifundishwa kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ni "tajiri", na mteja wangu wa kwanza kabisa nilimweleza hivyo hivyo: mzee, gari lako lina mchanganyiko tajiri. Alifunga boneti mwenyewe akaondoka. Baadaye nilisikia akimwambia jirani kwamba yule kijana wa chuo ameanza kuhesabu mali yake kabla hata ya kushika spana. Tangu siku hiyo nikawa nasema "petroli imezidi", na wateja wakawa wanakaa.

Petroli iliyozidi haipati hewa ya kutosha kuungua nayo, kwa hiyo inaungua nusunusu. Kinachobaki ni masizi. Plagi zinakuwa nyeusi kama tako la sufuria, moshi mweusi unatoka nyuma, injini inatetemeka ikiwa imesimama, na gari linakunywa utadhani linafukuzwa. Lakini hayo ni yale yanayoonekana. Baya zaidi halionekani: petroli nyingine inateleza pembeni mwa pistoni, inaosha oili iliyokuwa inalainisha kuta, halafu inashuka chini na kuchanganyika na oili yote. Oili inakuwa nyepesi kama chai ya mkandaa, na chuma kinaanza kusaga chuma. Gari haliwezi kukulalamikia. Linakwisha tu.

Hayo yote niliyajua nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Niliweza kuyaandika kwa hesabu, ukurasa mzima, bila kufuta. Kubadilisha plagi sikujua.

Aliyenifundisha kubadilisha plagi ni Mzee Ewoi, fundi wa malori, mtu mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Injinia, na kila aliposema Injinia wateja walitabasamu. "Injinia, shika tochi." "Injinia, hiyo ni breki, si klachi." Chuo kilinipa cheti na yeye akanipa kazi, na nadhani alifurahia kukumbusha kila mtu kwamba hivyo ni vitu viwili.

Sasa Mzee Ewoi alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wote wa Lodwar waliifuata. Gari lolote lililokuja kutoka kusini, kazi ya kwanza ilikuwa kulitoa thamostati. Hiki ni kifaa kidogo chenye springi, kikubwa kidogo tu kuliko kifuniko cha soda, kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na redieta. Mzee Ewoi alikitoa, akakitupa kwenye debe kando ya mlango, na kufunga njia ikiwa wazi. Debe lilikuwa limejaa. Lilikuwa na thamostati za magari ambayo wenyewe walishakufa.

"Hii kitu imetengenezwa na mtu wa barafu," alinieleza. "Kazi yake ni kuziba maji. Sasa wewe, Injinia, hapa Turkana ukiziba maji ya mtu si wanaita kikao?"

Nikakubali. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba thamostati haizibi tu, lakini nyuzi joto zilikuwa thelathini na nane kivulini, na mwenye kivuli ni yeye. Baada ya kutoa thamostati tulikata pia waya wa feni ya redieta na kuiunga moja kwa moja, ili iwe inazunguka muda wote gari linapowaka. Mteja aliondoka akiwa ameburudika moyoni.

Na Mzee hakuwa mjinga. Enzi hizo barabara ya kwenda Kakuma ilikuwa mashimo na mchanga. Gari lilitambaa kwa gia ya pili nusu siku nzima, upepo wenyewe ukija kutoka nyuma, na kila baada ya muda ulikuta mtu amesimama amefungua boneti anasubiri mvuke uishe. Halafu magari mengi yalikuwa ya kabureta, kichanganya petroli cha zamani ambacho hakimuulizi mtu swali. Mbinu ile ilifaa barabara ile na magari yale. Kisha lami ikaja, magari ya kompyuta yakaja, na sisi tukaendelea kujaza debe.

Hapo ndipo anapoingia Mama Ekai.

Mama Ekai alikuwa mjane aliyenunua stesheni wagoni ya petroli ili kupeleka samaki Kakuma. Samaki walifika Lodwar kutoka ziwani alfajiri, yeye aliwapanga nyuma ya gari kwenye makarai, barafu chini, barafu juu, magunia mabichi yakifunika, na saa mbili asubuhi alikuwa barabarani. Alikuwa na mteja mmoja tu aliyehesabika, Mama Furaha, Mkongomani mwenye hoteli kubwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Huyo alichukua makarai yote. Bila yeye, Mama Ekai angekuwa mwanamke mwenye gari lililojaa barafu inayoyeyuka.

Siku aliyolinunua lile gari aliniletea nilikague. Wakati huo Mzee Ewoi alikuwa ameniachia gereji, anakuja tu kukaa mlangoni na kusahihisha. Nililifanyia Mama Ekai hisani. Nikatoa thamostati, nikaunga feni moja kwa moja, sikumwambia hata kitu, kama vile mwenye hoteli anavyokuongezea supu. Thamostati nikaitupa kwenye debe.

Miezi ilipita. Siku moja akaja na habari njema mbili.

"Ejok, Injinia. Hii gari yako ni ya baraka."

"Ejok, mama. Imefanya nini?"

"Inazaa oili. Nilipima mwezi jana ilikuwa hapa," akaonyesha katikati ya kidole, "leo iko hapa juu. Na sijaongeza hata tone."

Nilicheka naye. Vijana, oili ikiongezeka yenyewe kwenye injini, msicheke. Hakuna kisima huko ndani. Mimi nilijua hivyo, nilikuwa nimefanya mtihani wa jambo hilo, lakini mama alikuwa amefurahi na mimi nilikuwa chini ya lori.

"Habari ya pili?"

"Mama Furaha anasifu samaki. Kila siku anainusa, anasema, 'Mama Ekai, samaki yako iko na arufu ya esansi.'"

"Esensi?"

"Esensi. Ile ya kutia kwa keki. Yeye ni Mkongomani, wanaongea hivyo, wanavuta maneno. Anasema samaki inanukia."

Mzee Ewoi alisema kutoka mlangoni kwamba samaki wa siku zake hawakunukia, walinuka, lakini dunia inabadilika. Mimi nikaongeza kwa kujiamini kwamba huenda ni majani anayokula samaki upande ule wa ziwa. Nilitumia hata neno la kisayansi. Sitalirudia.

Wiki mbili baadaye Mama Ekai alirudi, na safari hii hakusalimia. Alikaa kwenye tairi.

"Amechukua karai moja. Zingine amerudisha. Anasema esansi imezidi, batu banakataa, yaani watu hawali. Anasema wiki ijayo ikiwa hivyo anatafuta mtu mwingine."

"Si alikuwa anaipenda?"

"Ndiyo nauliza na mimi. Na gari inakunywa, Injinia. Inakunywa kuliko mume wangu, Mungu amrehemu."

Hapo nikaamka. Niliwasha gari nikaenda nyuma: moshi mweusi, na harufu ya petroli mbichi. Nikachomoa plagi, zote nne nyeusi na kavu kama mkaa. Nikachomoa kijiti cha oili nikanusa, na kile alichoita baraka kilikuwa petroli. Nikajua ugonjwa. Sikujua chanzo, na hapo ndipo wasomi wengi huishia.

Nilianza na vumbi. Ukiwa Turkana na petroli imezidi, mtuhumiwa wa kwanza ni kichujio cha hewa, kwa sababu kikiziba, hewa inapungua. Nilikitoa, nikakipiga ukutani, nikaweka kipya. Moshi ukabaki. Nikabadilisha plagi. Gari likatulia siku tatu, plagi zikawa nyeusi tena. Kumbukeni hili: plagi mpya kwenye injini ya petroli iliyozidi ni kama kumvalisha mtoto shati jeupe na kumrudisha kwenye matope yale yale. Nikashuku sensa, kile kihisio kilicho kwenye ekzosi, nikaagiza nyingine Kitale, ikaja, nikafunga. Moshi ukabaki. Mama Ekai alikuwa akiniangalia kwa subira ambayo sikuipenda.

"Wiki ni hii," alisema.

"Kesho nakwenda na wewe," nikasema. "Gari nataka nilione likiwa safarini."

Tulitoka saa mbili. Nilikaa mbele, makarai nyuma, lami nyeusi mbele yetu imenyooka, gari linakwenda kilomita mia kwa saa na upepo wote unaingia kwenye redieta. Baada ya nusu saa kichwa kilianza kuniuma.

"Na mimi kinaniuma kila siku," Mama Ekai akasema. "Ni jua."

Haikuwa jua. Mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umechakaa, na gari la umbo hilo likienda kasi huvuta moshi wake lenyewe na kuuingiza ndani. Nilimwambia afungue madirisha yote, na tangu hapo hadi Kakuma tulipiga kelele kama watu wanaogombana. Moshi wa petroli iliyozidi, vijana, una sumu isiyo na harufu ndani ya ile harufu. Ukiona dereva analalamika kichwa, usimpe dawa, mwondoe ndani ya gari kwanza.

Mama Furaha alikuwa mlangoni mwa hoteli yake. Mwanamke mpana, kitenge chenye picha za bendera tatu, mikono kiunoni. Alisogea nyuma ya gari, akafunua gunia, akachukua tilapia mmoja mkubwa, akamnusa shavuni, akamrudisha polepole.

"Mama Ekai, minakupenda. Lakini hii samaki iko na arufu ya esansi."

Nilijitokeza, maana mimi ndiye mwenye digrii. "Mama, hiyo esensi, ni kama vanila, au ni kama maua?"

Alinipima kwa macho kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akamuuliza Mama Ekai, "Huyu ni nani?"

"Ni fundi ya gari."

"Fundi ya gari haijue esansi?" Alinyoosha kidole hadi ng'ambo ya barabara, mahali ambapo mtu alikuwa amepanga chupa na mitungi ya petroli kwa ajili ya pikipiki. "Esansi. Ile. Mwenye munatiaka mu gari."

Mama Ekai alikaa kwenye ukingo wa buti. Kwa miezi miwili alikuwa amesimama pale akipokea malalamiko na kusema asante, Mungu akubariki.

"Na ulikuwa unacheka," Mama Furaha akamwambia, kwa upole sasa. "Nikasema huyu mama iko na roho nguvu. Namwambia samaki yake ni ya petroli, anacheka."

"Nilifikiri unasifu."

"Nasifu petroli?"

Sikutaka kusikia zaidi. Nikaenda mbele nikafungua boneti, kwa sababu boneti ni mahali pazuri pa kuficha uso. Nikaweka mkono juu ya ule mpira mkubwa unaopeleka maji kwenye redieta. Nilifanya hivyo bila kufikiri, nikitegemea kuondoa mkono mara moja. Gari lililokwenda kilomita mia na ishirini, mpira ule haushikiki.

Ulikuwa vuguvugu. Ungeweza kumwogeshea mtoto maji yale.

Nikabaki nimeushika. Feni ilikuwa inazunguka, kama nilivyoiunga mimi. Maji yalikuwa yanapita wazi, kama nilivyoyaacha mimi. Na kompyuta ya gari, ambayo kila sekunde huuliza sensa maji yana joto gani, ilikuwa inajibiwa kwamba bado ni baridi. Gari likiwa baridi kompyuta huongeza petroli, jinsi mtu anavyoongeza kuni asubuhi ili moto ushike. Likipata joto inapunguza. Gari hili halikuwa limepata joto tangu nilipolishika. Lilikuwa linakwenda Kakuma kila siku, kwenye jua lile, likiamini ni asubuhi ya baridi kule Limuru.

"Umeona nini?" Mama Ekai aliuliza.

"Kuna kitu kilitolewa," nikasema. Tazameni hilo neno. Kilitolewa. Kiswahili kina njia nzuri sana ya kufanya mambo yajifanye yenyewe.

Mama Furaha alichukua karai moja kwa huruma, akasema Jumamosi ndiyo mwisho.

Kesho yake nilimwaga debe la Mzee Ewoi kwenye sakafu ya gereji, nikachagua hadi nikapata thamostati ya gari lile. Kuirudisha hivi hivi ni ujinga, huenda imekwama, kwa hiyo msiache kipimo hiki: chukua sufuria ya maji, itumbukize thamostati ikining'inia kwa uzi, weka jikoni, tazama. Mama Ekai alikuja kuona. Alipoambiwa kitu chenyewe kinafanya nini, alisimama.

"Unataka kuziba maji ya gari yangu?"

"Mwambie," Mzee Ewoi akasema kutoka mlangoni. "Mwambie huyo."

"Kaeni kwanza mtazame."

Tulikaa watatu kuzunguka jiko kama watu wanaosubiri chai. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo. Thamostati imefumba. Mzee Ewoi akaanza kueleza kwamba ndivyo alivyosema. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kidude kikajisukuma kimya kimya, springi ikajikunja, na katikati pakafunguka nafasi ya kupitisha kidole. Nikakitoa kwenye maji, kikapoa, kikajifunga. Nikakirudisha, kikafunguka.

Mzee Ewoi alivua kofia. Akatazama sufuria, akatazama lile rundo sakafuni, mamia ya vidude alivyovitoa kwa mikono yake kwa miaka thelathini.

"Kumbe inafunguka," alisema.

Alichukua moja kutoka kwenye rundo akaenda nayo nyumbani, na baadaye nilisikia aliichemsha peke yake.

Nilifunga thamostati, nikarudisha waya wa feni mahali pake, nikamwaga ile oili ya baraka na kuweka mpya, nikasafisha plagi, nikabadilisha mpira wa mlango wa nyuma. Makarai tuliyaosha kwa sabuni na ndimu hadi mikono ikatuwasha. Moshi mweusi ukaisha. Nilinusa ekzosi hadi nikapiga chafya, hakukuwa na petroli mbichi.

Jumamosi nilikwenda naye tena. Njia nzima mshale wa joto ulisimama katikati, mahali ambapo haukuwa umewahi kufika, na Mama Ekai aliutazama kuliko alivyotazama barabara. Hatukuumwa na kichwa. Ningeweza kumwambia kwenye lami ile, kilomita mia na ishirini nzima nilikuwa na nafasi, nikawa natafuta namna ya kusema bila kutumia "mimi".

Mama Furaha alifunua gunia. Akanusa wa kwanza, akanusa wa tatu, akatia mkono hadi chini ya karai akatoa wa mwisho, akanusa mashavu yote mawili. Aliingia naye jikoni, na sisi tukangoja mezani huku barafu ikidondoka nyuma ya gari. Akarudi na samaki amekaangwa, kitunguu juu, amemweka katikati ya meza. Wapishi wake wakasimama mlangoni.

"Pua inaweza danganya," alisema. "Mudomo haidanganye. Batu bangu banasema habakule mpaka mwenye alitia esansi aonje wa kwanza."

Nilimtazama Mama Ekai. Samaki walikuwa wake, gari lake, jina lake ndilo lililokuwa mezani. Nilitegemea anyooshe mkono.

Alishika sahani kwa vidole viwili akaisukuma taratibu hadi ikagusa kifua changu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Hiyo gari imefunguliwa na mtu mmoja tu tangu niinunue," alisema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nikala. Wote walinitazama mdomo, wapishi, Mama Furaha, Mama Ekai. Nilitafuna nikiitafuta petroli kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia kwenye injini yoyote. Kulikuwa na chumvi, kitunguu, na samaki.

"Ni mimi niliyeitoa thamostati," nikasema, mdomo umejaa. "Na samaki haina esansi."

Mama Furaha aligeukia wapishi wake. "Mushushe yote," akasema, kisha akanirudia mimi. "Wewe, maliza. Na mifupa ya kichwa, nyonya."